Mpunga Ulioposwa

Bi Tatu alizikwa Jumatano baada ya sala ya adhuhuri. Siku ya tatu ya matanga, wageni walipopungua na majamvi ya uani yalipoanza kukunjwa, binti yake Zuhura alinishika mkono akaniingiza katika chumba cha pili kushoto, akaweka sinia la wali katikati yetu na kusema tule huku, kule nje maneno ni mengi. Sikuwa nimekanyaga chumba hicho kwa miaka mingi. Hakina dari. Kuta zake zinaishia chini ya kenchi, na juu ni uwazi mtupu hadi kwenye bati, kama vyumba vyote vya nyumba hiyo ya Ng'ambo, Tabora. Nilitazama juu kabla sijanawa mikono. Katika nyumba ya namna hiyo ukuta hukuzuia kuona tu. Maneno hupita juu yake kama moshi wa jikoni, na mtu aliyepanga chumba anajua habari za mwenye nyumba hata asipotaka kuzijua.

"Kula, Vero," Zuhura alisema. "Mchele huu sikumchangisha ndugu hata mmoja. Umelipwa na hii." Alinionyesha simu yake. Zuhura alistaafu uuguzi mwaka jana, huko Dar es Salaam, na kwa kuwa ni mkubwa kwangu kwa miaka michache, nimemwita dada tangu nilipomfahamu. Alinieleza kwa utaratibu, kama muuguzi anavyomweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake ameiweka katika mfuko wa uwekezaji wa nje ya nchi, kupitia wakala aliyewafundisha katika kundi lao la wastaafu. Mfuko unashika hisa za makampuni makubwa. Kila mwezi unamuuzia mtu mwingine haki ya kuzinunua hisa hizo kwa bei waliyopatana mapema, na anachotoa mtu huyo kwa ajili ya haki hiyo ndicho wanachogawiwa wenye vipande, yaani walionunua sehemu za mfuko. "Akija kununua, amenunua kwa bei tuliyoitaja sisi. Asipokuja, hisa zetu ziko palepale na pesa yake tumekula. Kila mwisho wa mwezi, Vero, simu inalia. Kama mshahara."

Tonge lilikuwa mkononi mwangu, nikalirudisha kwenye sinia. Maneno yale nilikuwa nimeshayasikia, karibu yote, katika nyumba ileile. Nilikuwa nimelala chali upande wa pili wa ukuta uliokuwa mbele yangu, na aliyeyasema alikuwa baba yake Zuhura.

Zuhura hakuwapo mwaka ule. Alikuwa ameajiriwa karibuni huko pwani, na wazazi wake hawakumweleza, wakati ule wala baadaye. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeshuka kwenye treni kutoka Kigwa na sanduku la bati, nimepata kazi ya kupiga chapa katika duka la vifaa vya shule, na habari zangu zinaishia hapo. Nilipanga chumba cha tatu kushoto. Chumba cha kwanza na cha pili walikuwamo wanafunzi wa chuo, lakini wiki chache baada ya mimi kufika waliombwa watafute kwingine. Nilidhani wamekosana na mwenye nyumba. Kumbe vyumba vilikuwa vinatafutiwa mpangaji mwingine kabisa. Alasiri moja ya Julai lori lilisimama mlangoni, wapakuzi wakaanza kuingiza magunia ya mpunga, na hadi jua linazama vyumba vyote viwili vilikuwa vimejaa hadi usawa wa linta ya mlango. Kuanzia siku hiyo chumba changu kilinuka pumba. Vumbi lake lilipita juu ya ukuta, likawasha shingo, likatua juu ya chandarua changu kama unga. Nyumba nayo ikabadilika sauti. Magunia hunyonya maneno. Ukikohoa, kikohozi hakirudi. Ilikuwa kama nyumba nzima imevaa blanketi.

Mwenye mpunga ule, Mzee Mrisho, baba yake Zuhura, alikuwa gadi wa treni kwa miaka thelathini. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyetembea akiwa amenyoosha mgongo kana kwamba behewa bado linatikisika chini yake. Alikuwa amestaafu Mei na kupewa kiinua mgongo chake kwa mkupuo mmoja. Hakupenda duka, hakupenda ng'ombe. Alikwenda Ziba wakati wa mavuno, wakulima wakiwa wanahitaji pesa na mpunga ukiwa rahisi, akanunua. Hakuna aliyeona kuwa amefanya jambo la ajabu. Tabora yote inajua kwamba mpunga hununuliwa Julai na kuuzwa Februari, ghala za watu zinapokuwa zimekauka na mavuno mapya bado yamo shambani. Kinachohitajika ni chumba kikavu, paka, na uvumilivu. Chumba kilikuwapo, na paka Bi Tatu alimwazima kwa jirani.

Jioni ileile ya lori, wakati wa chakula, nilisikia mazungumzo ambayo nimekuja kuyakumbuka kuliko mengi niliyoambiwa mimi mwenyewe. Walikuwa wamekaa ukumbini, mlango wangu umefungwa, nami nakula mkate na chai kitandani.

"Na mpaka Februari tutakula nini?" Mzee aliuliza.

"Michembe," Bi Tatu alijibu.

"Sifanyi utani, mama Zuhura."

"Hata mimi sifanyi. Michembe, karanga, mlenda, na kodi ya huyu mtoto wa Kigwa. Wakulima wa Ziba waliokuuzia wanafika Februari kila mwaka, hatujasikia wamekwisha. Wewe tumbo lako lina nini cha zaidi?"

"Mimi si mkulima. Miaka thelathini, mwezi ukifika mwisho, nimelipwa."

"Basi mwezi nao umestaafu, Bwana Gadi."

Nilicheka, nao wakanisikia, na Bi Tatu akapaza sauti, "Unacheka nini wewe, Vero? Njoo ule, acha kula mkate kwa maneno yetu." Ndivyo nilivyoanza kula nao. Bi Tatu alikuwa mtu wa Tabora wa tangu na tangu, mjukuu wa watu waliokuja na misafara ya pembe na kukaa. Hata hivyo mama yake mzazi alikuwa Mnyamwezi wa shamba, na jikoni alifuata upande huo. Michembe yake, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, aliiweka katika debe lenye mfuniko. Aliichemsha na karanga za kutwanga hadi ikawa laini kama uji mzito. Nilikuwa nimeila kwetu tangu utotoni na nilikuwa nimeapa sitaila tena nikifika mjini. Kwake niliila hadi nikaomba ya kuongezewa. Mzee aliila kwa adabu, akaacha nusu.

Sasa nikifikiri, ugomvi wao wote ulikuwa ndani ya sahani ile. Bi Tatu alikulia kwa watu wa msimu, wanaojua kwamba mwaka una miezi ya kula na miezi ya kungoja, wala hawaoni aibu kungoja. Mzee alikuwa mtu wa mshahara. Kwake mwezi usio na malipo ulikuwa kama stesheni ambayo treni imepita bila kusimama. Mtu aliyebaki jukwaani lazima awe amekosea kitu. Tena alikuwa na neno moja ambalo nililisikia mara nyingi juu ya ukuta, kwamba hataki kula kwa mkono wa Zuhura. Mtoto amesomeshwa ili aende mbele, alisema, si ili ageuke nyuma kuvuta wazee. Mpunga ule ulikuwa hapo kwa ajili hiyo, ili afe siku yake ikifika akiwa hajamwomba mtoto chumvi.

Masanja alikuja Agosti. Alikuwa mfanyabiashara wa Igunga, mwenye mashine ya kukoboa na lori moja, mnene, mcheshi, na kwa namna nilivyomjua mwaka mzima, mkweli. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia habari hii humtafuta mwizi. Hayumo. Masanja alikuwa anaahidi wateja wa Mwanza mchele ambao hana, na hakuwa na pesa ya kununua mpunga wote siku moja wala mahali pa kuulaza. Alichotaka ni uhakika kwamba mpunga fulani upo, na kwamba bei yake haitamkimbia. Aliingia ukumbini na bambo mkononi, kile chuma chembamba chenye mfereji cha kuchomea gunia.

"Mwangaluka, mama," alimsalimu Bi Tatu kwa Kisukuma. "Nimekuja kuposa."

"Binti yangu yuko Dar es Salaam, na mtu wa lori hamtaki."

"Simposi yeye. Nawaposa hawa," Masanja akasema, akaupiga mlango wa chumba cha pili kwa kiganja. Alichoma gunia moja, akamimina punje mkononi, akazisugua, akapuliza pumba, akatafuna. "Mabinti wazuri. Wametunzwa."

Masharti aliyaeleza amesimama. Kila mwanzo wa mwezi watapatana bei, juu kidogo ya bei ya soko ya siku hiyo. Yeye atatoa kishika uchumba kwa kila gunia. Mwezi wote Mzee hataruhusiwa kumuuzia mtu mwingine. Mwisho wa mwezi Masanja akitaka, atachukua magunia kwa bei iliyotajwa. Asipotaka, ataondoka, na kishika uchumba hakirudi. Kila mtu hapa anaijua desturi hiyo: mchumba akikimbia, wazazi hawarudishi kitu. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuandikiana. Mzee alisema atafikiri, na jioni akafikiri kwa sauti.

"Akija, ameoa kwa mahari niliyoitaja mimi, na ina faida juu ya nilivyonunua. Asipokuja, mpunga wangu uko chumbani na kishika chake nimekula. Nionyeshe hasara iko wapi."

Bi Tatu alikuwa anasonga ugali. Nilisikia mwiko ukisimama. "Binti akizidi uzuri, ataolewa kwa mahari ya jana. Akiugua, mchumba haji, tunabaki naye. Hasara iko hapo, baba Zuhura. Uzuri wa kwake, ugonjwa wa kwetu."

"Lakini nitakuwa nimelipwa."

Mwiko ukaanza tena. Baada ya hapo nimesoma vitabu vingi vya hesabu na biashara, vya mitumba na vya kuazima, maana shule yangu iliishia kidato cha nne na yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe. Sijakutana na kitabu kilicholieleza jambo lile kwa ufupi kuliko mwanamke yule aliyekuwa anasonga ugali. Wala sijakutana na jibu gumu kulipinga kuliko lile la mumewe.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya furaha, nami siwezi kuikana. Siku ya kishika, Mzee aliamka mapema, akapiga pasi suruali yake ya kaki ya kazini, akatoka kama mtu anayewahi zamu. Alirudi saa za alasiri na nyama iliyofungwa katika gazeti, sukari, mkate na majani ya chai ya pakiti nyekundu. Alipofika kizingitini alisimama, na Bi Tatu, aliyekuwa amepinga jambo zima, alisema kutoka jikoni, "Karibu, mshahara," maana ndivyo alivyompokea miaka thelathini. Tulikula wali na mchuzi wa nyama wenye binzari. Mzee alinipa finyango kubwa kuliko ya kwake. Alisimulia habari za safari, simba aliyelala relini upande wa Malagarasi, bibi aliyepanda na mbuzi akamwambia gadi kwamba huyo ni mjukuu. Bi Tatu alicheka hadi akajifuta macho kwa pembe ya khanga, akasema, "Mjukuu mwenye pembe, nawe ukamkatia nusu tiketi?" Masanja akipita kutoa salamu, aliitwa mkwe na kupewa kiti. Alikuwa hajachukua hata gunia. Mpunga ulikuwa palepale, hadi kwenye linta, na sisi tulikuwa tumeshiba.

Oktoba mchele wa bei rahisi uliingia kutoka kwingine na soko likalala. Masanja alikuja akakaa bila kupewa kiti. "Baba mkwe, nisikufiche. Kwa mahari ya mwezi uliopita, siwezi kukupa kishika kama kile. Nani atatoa pesa nzuri kwa haki ya kununua ghali? Ukishusha mahari hadi karibu na soko, kishika kitabaki vilevile." Mzee aliuliza ashushe kiasi gani. Bi Tatu alitoka ukumbini. Mzee alishusha mahari ili kishika kisishuke. Novemba akashusha tena, na Desemba na mwanzo wa Januari akashusha tena. Nyama iliendelea kuja katika gazeti, Bi Tatu aliendelea kusema "karibu, mshahara", ila sauti yake ilikuwa imepoa. Bei ambayo Masanja alikuwa na haki ya kulipa mwisho wa Januari ilikuwa chini ya ile ambayo Mzee alinunulia Ziba. Nilijua kwa sababu Bi Tatu alimwambia hivyo alfajiri moja, polepole, bila hasira, na Mzee akajibu kwamba bei ya soko ni maneno tu hadi mtu auze. "Mimi siuzi. Mimi nalipwa."

Mvua za Januari zilikatika. Wiki ya kwanza watu walisema zitarudi. Wiki ya pili miche ya mpunga upande wa Igunga ilianza kuwa rangi ya majani makavu, na sokoni wenye mchele wakafunika magunia na kusema umekwisha. Bei iliamka, ikapanda kila siku, kama kila mtu wa Tabora alivyosema Julai kwamba itapanda. Ulikuwa wakati uleule ambao vyumba viwili vilijazwa kwa ajili yake. Siku ya mwisho wa mwezi lori lilisimama mlangoni asubuhi, nikiwa nafunga mlango wangu kwenda kazini.

"Shikamoo, baba," Masanja alisema. Alikuwa amevua kofia. Hakumwita baba mkwe.

"Marahaba. Umekuja kuoa."

"Nimekuja, baba. Mwaka huu si wangu wala si wako, ni wa mvua."

"Tulipatana," Mzee alisema. "Mlango huo, uko wazi."

Nilichelewa kazini siku ile. Wabebaji walitoka mmoja mmoja na magunia mabegani, wakipokezana wimbo wa kazi, na kila walivyopunguza, sauti zao zilizidi kuwa kubwa ndani ya nyumba, hadi mwisho zikawa zinagonga bati na kurudi. Masanja alilipa bei waliyopatana, yote, mkononi. Bi Tatu alisimama koridoni na khanga imefungwa kichwani. "Haya, mkwe," alisema. "Umeoa. Waangalie vizuri huko." Masanja aliinamisha kichwa. Mzee alikuwa nje, nyuma ya lori, amenyooka. Dereva alipowasha injini, Mzee alitazama kulia, akatazama kushoto, akainua mkono wa kuume juu kabisa, kama alivyoinua bendera ya kijani miaka thelathini. Lori likaondoka. Mkono ulibaki juu kwa muda, hadi nadhani alipokumbuka kwamba haikuwa kazi yake.

Pesa aliyopewa ilikuwa nyingi kuiona. Lakini alipokwenda kununua mpunga mwingine kwa bei ya Februari, pesa ya mpunga uliojaza vyumba viwili hadi linta ilijaza chumba kimoja hadi kiunoni. Bi Tatu alimsihi asinunue, angoje mavuno. Mzee alisema akingoja mavuno atakosa kishika cha Februari, cha Machi na cha Aprili. Akanunua ghali, Masanja akaposa tena, na kishika kikawa kidogo kama magunia yalivyokuwa machache. Mei mavuno mapya ya waliobahatika kupata mvua za mwisho yalianza kuingia, bei ikaporomoka, na Masanja hakuja kuoa. Hakuwa na sababu ya kuja. Mpunga ulionunuliwa ghali ukabaki nyumbani, na ili wale, Mzee alianza kuuza gunia mojamoja kwa bei yoyote. Kufikia Julai niliweza kuhesabu magunia kutoka mlangoni bila kuingia.

Miezi hiyo nilisikia machache, maana nyumba tupu husema yote kwa sauti, nao wakaanza kunong'ona. Nyama haikuja tena katika gazeti. Bi Tatu alirudi kwenye debe la michembe, akapika, akapakua sahani tatu, na Mzee akaingia kutoka matembezini akasema, "Leo rafiki amenikaribisha, nimeshiba." Kesho yake rafiki mwingine alikuwa amemkaribisha. Bi Tatu alifunika sahani yake, akaiweka pembeni, akasema, "Basi itakaa hapa mpaka njaa ikukaribishe." Mchana mmoja mwajiri wangu alinituma stesheni kupokea mzigo. Nilimwona Mzee amekaa kwenye benchi, suruali ya kaki imepigwa pasi, mikono juu ya magoti, akimtazama gadi kijana akikagua mabehewa. Hakukuwa na rafiki. Nilipita nyuma yake kwa mbali na mzigo wangu. Jioni alisema ameshiba.

Zuhura alituma pesa mwishoni mwa mwaka ule bila kuombwa, kama watoto wengi wanavyofanya wakipata. Alidhani anawafurahisha. Mzee alizipokea, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamkabidhi Bi Tatu zote bila kugusa. Siku iliyofuata alikula michembe hadi sahani ikang'aa. Nilihama baada ya miezi michache, nikaolewa, na miaka mitatu baadaye nilirudi Ng'ambo kumzika Mzee. Bi Tatu aliniambia tangu siku ya pesa ile hakuacha tena chakula hata mara moja.

Haya yote nilimweleza Zuhura chumbani, wali ukipoa. Hakunikatiza. Alilia mara moja tu, nilipofika kwenye benchi la stesheni. Nilipomaliza nilimwambia simfananishi wakala wake na mtu mbaya, maana Masanja naye hakuwa mtu mbaya, na kwamba huenda mfuko wake unaongozwa na watu makini kuliko sisi. Nilimwomba kitu kimoja tu. Asitazame anacholipwa. Atazame bei aliyonunulia kipande, kisha atazame bei ya kipande leo. Alivaa miwani, akafungua simu, akatafuta kwa muda mrefu, na midomo yake ikawa inasema tarakimu bila sauti.

"Kimeshuka," alisema mwishowe. "Si kidogo."

"Na hisa zenyewe wanazozishika?"

Alitafuta tena. "Zimepanda." Alivua miwani. "Lakini nimelipwa, Vero."

Ilikuwa sauti ya kike, iliyochoka, ya mtu aliyeomboleza siku tatu, ila ilipanda ukutani na kurudi kutoka kwenye bati vilevile kama ya baba yake. Zuhura akageuka kukwepa macho yangu, na hapo ndipo alipoliona gunia kwenye kona, limeinuliwa juu ya vipande viwili vya mbao, limeshonwa mdomo kwa uzi wa katani. Akauliza ni la nani.

"La mama yako. Tangu mwaka ule alinunua gunia moja kila Julai. Masanja akija kumsalimu, mama yako alimwambia, huyu hana mchumba na wala hatafuti. Alikuwa akiliuza Februari."

Zuhura alisimama, akaliendea, akaweka kiganja juu yake kama anavyopima homa. Pembeni yake lilikuwa debe la michembe na mfuniko wake. Uani mtu alikuwa anasuuza masufuria, na maji yalisikika kama yanamwagwa humuhumu ndani.

"Na mpaka Februari nitakula nini?" aliuliza.

Hakuwa anabishana. Alikuwa anauliza, na swali lilikuwa la haki, kama lilivyokuwa la haki baba yake alipoliuliza. Kwa mazoea ya zamani nilikuwa nimeinua uso kuelekea juu ya ukuta, nangoja Bi Tatu ajibu kutoka upande wa pili.